Tahadhari: Draivu za DVD "mpya" zilizong'olewa kwenye laptopu za mtumba

Wakuu, hasa nyie wenzangu mnaopiga video za harusi, kipaimara na kwaya, someni hii kabla hamjashuka Kariakoo kutafuta draivu ya DVD ya kuchomeka kwenye USB. Nimeliwa 120,000 ndani ya wiki mbili, na sikuliwa kwa mkupuo, nimeliwa kidogo kidogo. Sitaji duka wala mtu. Ninachotaka mjue ni mchezo unavyochezwa, maana wanautegemea ule utaratibu wetu wa kumpigia muuzaji simu kila diski inapogoma.

Mtaniuliza nani bado anachoma DVD zama hizi. Mama mzazi wa bibi harusi, huyo ndiye anayechoma. Alitaka nakala 10, nyingine za kwenda Singida ambako deki bado iko chini ya TV na flashi inaonekana kitu cha vijana. Draivu ya laptopu yangu ilishakufa kitambo, nikashuka mjini.

Winga (dalali wa kuwaletea maduka wateja) akanidaka mapema, akanipeleka ghorofani kwenye duka dogo. Draivu nyembamba nyeusi, boksi safi, nailoni haijafunguliwa, juu imeandikwa USB 3.0. Bei 65,000. Nikasema nataka kuijaribu, na kijana wala hakusita. Akachukua CD ya muziki, akaitumbukiza, ikaimba. Nikalipa kwa simu kwa namba aliyonitajia winga, nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? "Mashine iko chaji, bosi."

Nyumbani DVD ya kwanza ikafika asilimia tatu ikafa. Ya pili haikuanza kabisa, ikatoa "Power Calibration Area Error". Nikampigia kijana. Akajibu kwa upole wa daktari kwamba diski zangu ni feki, nije nichukue "original" kopo la 50 kwa 35,000. Nikaenda. Zikagoma vilevile. Safari hii tatizo likahamia kwenye programu: ninayotumia imepitwa na wakati, yeye anayo yenye leseni ya mwaka, 20,000. Akaiweka kwa flashi. Ilikuwa ImgBurn. Wakuu, ImgBurn ni ya bure, toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la 2013, na hakuna kitu kinachoitwa leseni ya mwaka. Niliuziwa hewa, tena hewa yenye vumbi: kuanzia siku hiyo ukurasa wa mwanzo wa brauza yangu ukabadilika na matangazo yakaanza kujifungua yenyewe. (Hata faili la kusakinisha la watengenezaji wenyewe la toleo hilo lilikuja na vikorokoro usipokuwa makini kuvikataa, kwa hiyo la flashi ya mtaani ndiyo kabisa.) Diski ya kumi na moja ilipokufa akasema laptopu yangu ndiyo mbovu, nilete abadilishe Windows kwa 30,000. Hapo nikashtuka.

Nilichofanya baadaye ndicho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Kwanza nilitaka nimtendee haki, kwa sababu draivu nzima nayo hugoma kwa sababu za kawaida. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, la 3.0 ni 900, na draivu nyembamba ikianza kuchoma hutaka zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyingine huja na waya wenye vichwa viwili, ili uchote umeme kwenye matundu mawili. Nikaazima waya wa vichwa viwili, nikahamia kwenye kompyuta ya mezani, nikachomeka matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao wenyewe. Nikashusha kasi mpaka 4x. Nikanunua diski tano kwa mtu mwingine ninayemwamini. Haikusaidia. Ila CD, hata ya kuchoma, ilikubali kila mara.

Jibu lote liko hapo, na ndiyo maana kijana alinijaribia CD. Draivu ya DVD ina miale miwili ya leza: ya CD ina urefu wa mawimbi wa nanomita 780, ya DVD ni 650. Mmoja unaweza kuchoka kabisa huku mwingine unaimba kama mpya. Tena kusoma hakuhitaji nguvu kubwa, kuchoma ndiko kunakoitaka. Ile meseji ya "Power Calibration" maana yake ni kwamba kabla ya kuanza, draivu hujipima nguvu ya leza kwenye sehemu ndogo iliyotengwa karibu na katikati ya diski, na kipimo kimeshindikana. Diski mbaya inaweza kuileta. Lakini ikija kwa diski za aina tatu tofauti, kwenye kompyuta mbili, mshuku draivu. Programu haina kosa.

Ushahidi ulionimaliza nguvu ulikuwa kwenye Windows yenyewe. Fungua Device Manager, bonyeza draivu, ingia Properties, tafuta kichupo cha DVD Region. Dunia ya DVD imegawanywa kikanda, na draivu inakuruhusu kubadili kanda mara tano tu, hesabu ikihifadhiwa ndani ya draivu yenyewe. Draivu mpya kwa kawaida haijapangiwa kanda na bado ina zote tano. Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Yangu, iliyotoka kwenye nailoni mbele ya macho yangu, ilikuwa kanda ya 2, ambayo ni ya Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, na imebakiza mara moja. Kuna mtu ameishi na hii draivu, ameangalia filamu zake, laptopu ikazeeka, ikapanda meli na mtumba mwingine.

Nikafungua kasha. Skrubu ziko chini ya vimiguu vya mpira. Ndani kuna draivu ya kawaida ya laptopu, lebo yake ina mwaka 2011 na stika ya namba ya kipuri ya kampuni ya laptopu. Kipya ni plastiki na kibao kidogo cha kugeuza SATA (muunganisho wa ndani ya laptopu) kuwa USB. Sina ugomvi na mtumba, hata kamera yangu ya kwanza ilikuwa mtumba. Angeniambia ni ya kutumika, 20,000, ningeijaribu vizuri na tungeachana kwa amani.

Na zile diski "original"? Kila DVD ya kuchoma imebeba msimbo wa kiwanda, na ImgBurn huuonyesha upande wa kulia ukiweka diski tupu. Jina la kopo kutofautiana na la kiwanda si kosa, kampuni nyingi hununua kwa CMC au Ritek za Taiwan na kubandika jina lao. Lakini kopo moja, diski tano za juu, viwanda vitatu! Moja ilijitambulisha TYG02, msimbo wa Taiyo Yuden ya Japani, kampuni iliyoacha biashara ya diski 2015. Mabaki yamekusanywa huku na huko yakavalishwa karatasi mpya.

Kwa hiyo ukienda, nenda na laptopu yako na DVD-R tupu mbili za kwako. Usikubali jaribio la CD, wala la kusoma filamu. Choma DVD iliyojaa, ile ya GB 4.7 (Windows itakuonyesha kama 4.38, usiogope, ni hesabu tu), kwa 8x haizidi dakika kumi na kitu. Ukitumia ImgBurn acha alama kwenye Verify ili isome upya ilichoandika. Kinachofia ukingoni mwa diski hutakiona ukichoma faili dogo. Wakati inaungua, angalia hicho kichupo cha kanda na jina la draivu kwenye Device Manager. Jina likiwa na maneno "RW/DVD" mara nyingi hiyo ni ile ya zamani inayochoma CD na kusoma DVD tu, haitachoma DVD hata ukiiombea dua. Muuzaji akisema hana muda wa kusubiri dakika kumi kwa mauzo ya 65,000, mshukuru na uondoke.

Kosa langu moja nalikiri ili msimlaumu muuzaji kwa lisilo lake: diski mbili za mwanzo nilizochoma kwa draivu ya rafiki hazikucheza kwenye deki kwa sababu nilichagua ile njia ya Windows ya kufanya diski iwe kama flashi. Deki haitaki hiyo. Inataka DVD ya video iliyokamilishwa (finalize) vizuri.

Jumatatu nilirudi dukani na draivu iliyofunguliwa, picha za skrini na kopo la diski. Kijana hakuwepo. Aliyekuwepo akatazama ile karatasi, haina jina la duka wala muhuri, akatazama meseji ya malipo, jina la winga. "Kaka, sisi hatujakuuzia. Tumemuuzia winga, wewe mdai winga." Namba ya winga haipatikani. Malalamiko nimeyaandika nikayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ni kazi yao, ila bila risiti ya EFD yamekuwa mepesi mkononi, na nimeambiwa hivyo.

Nakala 10 za mama zimechomwa kwa rafiki yangu Temeke, kwenye kompyuta ya mezani yenye draivu ya tangu enzi za Windows 7. Nimemlipa 15,000.