Darubini ya safari: kabla ya kununua lenzi, uliza gramu

Nilinunua lenzi ya jicho ya inchi 2, kilo moja na ushei, nikaipachika kwenye darubini yangu ya safari ambayo yenyewe haifiki kilo mbili. Usiku wa kwanza nikalegeza kidogo skrubu inayoshikilia darubini kwenye stendi nitafute Kilimia. Mdomo wa darubini ukaruka juu, lenzi ikashuka na kugonga mguu wa stendi, ko! Alama ipo mpaka leo.

Habari za ukuzaji na ung'avu wa picha utazisoma kwingine. Mimi shida yangu ni uzito, hasa tofauti ya uzito kati ya lenzi yako nzito kuliko zote na ile nyepesi. Lenzi moja nzito si neno: unaisogeza darubini kwenye reli yake (kile kipande kirefu chini ya bomba kinachoingia kwenye stendi) mpaka ikae sawa. Kasheshe ni kubadilisha. Umeipata Zohali kwa lenzi nzito, unaichomoa, unaweka ya gramu 150 uisogelee, na bomba linaanza kuinamisha pua taratibu, unaliona hivi hivi. Ukikaza skrubu, linagoma kusogea, kisha linashtuka na kupita pale ulipotaka. Kwangu, tofauti ikizidi gramu 200 ni ugomvi usiku kucha.

Kwa hiyo, kwenye orodha yangu ya vya kununua, namba moja ni lenzi ya Panoptic ya milimita 24 ya kampuni ya Tele Vue. Nawapendelea Tele Vue, sikatai. Ina gramu 230 hivi, upana wa mtazamo wa nyuzi 68, na inaingia kwenye kiwiko cha inchi 1.25 (kiwiko ni kile kipande chenye kioo kinachopindisha mwanga). Maana yake kiwiko cha inchi 2, ambacho nacho ni mzigo, unakiacha nyumbani. Plössl (aina ya kawaida ya lenzi ya jicho) ya milimita 32 ya bei ya chini inaonyesha karibu kipande kilekile cha anga. Haya, nimeitaja.

Namba mbili wala si lenzi, ni reli ndefu. Reli fupi inakwisha kabla hujafika penye mizani. Unasukuma bomba mbele mpaka linakaribia kuchomoka. Tafuta ya sentimita 20 au zaidi.

Namba tatu ni Equalizer, ya Tele Vue pia: adapta iliyotengenezwa nzito makusudi, gramu 340 hivi, ili lenzi ndogo ikaribie uzito wa kubwa. Kulipia uzito wa kubeba safarini kunachekesha, lakini kama lenzi nzito unazo tayari, itakuokoa.

Vizito vya kuning'iniza mbele ili kusawazisha, sivipendi. Kilo moja iliyo sentimita 30 nyuma ya mhimili inadai kilo mbili ukizifunga sentimita 15 mbele, na darubini fupi haina mbele ya kutosha. Vizito vya sumaku navyo jaribu kwanza: bomba likiwa la alumini havishiki.

Sasa wauzaji. Watakutajia tabaka za rangi kwenye kioo, vifuniko viwili, hadi kitambaa cha kufutia. Gramu, hakuna. Mmoja nilimuuliza, akanijibu "si nzito". Mwingine akanipa uzito wa kifurushi, na boksi lake na sponji. Nikamwandikia tena: bila boksi, tafadhali. Akanitumia picha ya boksi.