Mapera na machungwa ya Marikiti: pesa iende wapi?

Kwa vitamini C, chungwa halifui dafu: gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228, za chungwa 53 hivi. Nyuzinyuzi nazo zimezidi maradufu, mradi pera ulile na ganda lake. Shida ni funza. Bonyeza karibu na kikonyo. Pakibonyea kama palipolowa, au ukiona kitundu cheusi, rudisha. Hata lililo safi, lipasue kwanza ndipo uume.

Chungwa la Makueni lenye ganda la kijani usilidharau: usiku usipokuwa na baridi rangi haigeuki, ingawa ndani limeiva. Chagua lililo zito mkononi. Ukilikamua na kuchuja, nyuzinyuzi umezimwaga. Ila kwenye matatu iliyojaa, beba chungwa. Pera bivu halivumilii kubanwa.