Nyaya mbili au tatu? Pampu ya kisima changu Busia

Ndani ya miezi kumi na minne nimetoa pampu kisimani mara mbili. Kila mara vijana sita walivuta bomba la mita 54, wapangaji wangu wamesimama na madumu wakitazama. Kwa hiyo hapa nazungumzia nyaya zaidi ya pampu, maana pampu yenyewe haikuwa mbaya.

Kisima kiko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya vyumba ninavyopangisha. Kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye swichi nyumbani ni mita nyingine 31. Jumlisha na zile 54 upate 85, hiyo ndiyo safari ya umeme kwenda, na kurudi ni hiyo hiyo. Hesabu hii fundi wa kwanza hakuipiga. Aliniwekea mota ya kilowati 0.75 ya nyaya mbili na waya wa milimita za mraba 1.5 (unene wa shaba yake), akaniambia, "Mama, hii ni rahisi, unawasha tu."

Rahisi ilikuwa kweli. Mota ya nyaya mbili haina kisanduku juu, kila kinachoisaidia kuanza kuzunguka kimo ndani yake, huko chini majini. Kwenye mota yangu kilikuwa kapasita, kidude kinachohifadhi umeme na kuisukuma mota ianze. Mwezi wa sita ikafa, na kwa ajili ya kidude cha kutosha kiganjani tukavuta bomba lote. Mara ya pili ni koili iliyoungua kabisa.

Fundi wa pili, mzee kutoka Tororo, hakugusa pampu kwanza. Alingoja saa moja jioni, watu wanapopika na kuwasha taa, akapima volti. Kwenye mita ya nyumba zilikuwa 214. Kwa hesabu yake, pampu ilipokuwa ikifanya kazi waya wangu mwembamba ulikuwa ukila nyingine 13 hivi njiani, kwa hiyo mota iliyoandikwa 230 ilipata kama 200 tu. Na hapo tayari inazunguka! Inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na upotevu wa njiani hupanda vivyo hivyo. "Hii haikufa kwa maradhi, mama," akasema, "imekufa kwa njaa."

Tukahamia waya wa milimita 4, ambao kwa umbali huo huo hupoteza volti 5 tu hivi. Bei yake ilinifanya nikae chini, lakini nikikumbuka wale vijana sita nalipa tena.

Safari hii nilichukua mota ya nyaya tatu yenye kisanduku cha kontroli ukutani, na kapasita imo humo. Angalizo kwa mnunuzi: katika hesabu hiyo waya wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) hauhesabiwi. Mimi dukani niliuziwa kebo ya nyaya tatu kwa mota ya nyaya tatu, nikarudi kuibadilisha, maana inahitaji nne. Kisanduku nacho lazima kilingane na mota kwa nguvu, na afadhali kiwe cha mtengenezaji yule yule.

Siku ya kufunga, rangi za kebo hazikufanana na za mota. Mota ikanguruma bila kuzunguka, mzee akazima haraka. Akazima na breka (swichi ya kukata umeme), akachukua mita ya fundi na kupima ukinzani wa nyaya mbili mbili: ohmu 3, 8 na 11. Jozi yenye 11 ni waya wa kuanzishia na waya mkuu, hivyo uliobaki nje ya jozi ndiyo wa pamoja. Kutoka huo wa pamoja, penye 3 ni mkuu na penye 8 ni wa kuanzishia. Dakika tano, maji yakatoka.

Kuhusu kuwasha na kuzima, nilitamani tangi la presha kama la shemeji yangu kule Eldoret. Mzee akanikataza, na nakubaliana naye. Tangi dogo la presha huwasha pampu kila bomba likifunguliwa kwa muda, na umeme ukikatika unabaki na ndoo chache. Mimi nina tangi la lita 5,000 juu ya mnara, lenye floti, swichi inayoelea na kufuata kina cha maji. Pampu huwaka mara mbili kwa siku. Floti haibebi umeme wa mota, inaamuru kontakta tu, swichi kubwa inayowashwa kwa umeme, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Kisimani kuna vihisio viwili vinavyoizima pampu maji yakishuka, maana Januari kwetu si mchezo. Pia kuna kilinda volti kinachokataa kuwasha umeme ukiwa chini sana. Wapangaji wanakilalamikia jioni. Wanilalamikie tu.

Kasoro moja: sisimizi. Waliingia kisandukuni, wakabanwa kwenye rilei (swichi ndogo ya ndani), pampu ikagoma asubuhi nzima. Sasa tundu la kebo limezibwa.

Kama kisima chako ni kifupi na pampu unaivuta wewe na kijana mmoja, nyaya mbili zinatosha, usijigharimu. Changu si hicho. Mwezi uliopita kapasita ilikufa tena, lakini safari hii ilikuwa ukutani. Boda akaleta nyingine ya mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) zile zile, mzee akazima breka, akaiondolea ile ya zamani umeme uliobaki ndani, akafunga mpya. Vijana sita hawakuitwa.