Mpira wa raga wa mazoezi, saizi 5: unamaliza msimu kwenye mchanga wa Mtwara?

Unamaliza, ila si kila chenye umbo la yai. Ile mipira laini inayong'aa ya bei ya kutupa ni ya kupamba kabati; mikono ikitoka jasho tu, pasi zinateleza. Tunaoupima hapa ni wa mazoezi wa kawaida: vipande vinne vya raba yenye vipele, na chini yake matabaka matatu ya kitambaa.

Kipimo cha sheria ni kimoja, iwe mechi ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, au mazoezi ya jioni Shangani: urefu milimita 280 hadi 300, uzito gramu 410 hadi 460, upepo psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 9.5 hadi 10. Madukani Mtwara Mjini utakuta zaidi mipira ya soka, kwa hiyo huu agiza Dar. Hufika kwa basi ukiwa umetolewa upepo. Upime uzito kwenye mzani wa duka lolote, kisha ujaze na uuzungushe chini kwa ncha: ukiyumbayumba, mshono umevuta upande mmoja. Rudisha.

Kinachoua mipira hii huku pwani ni sindano ya kujazia upepo. Mchanga hukaa kwenye tundu la kujazia, mtu anachomeka sindano kavu, chembe zinaingia ndani, valvu haifungi tena. Asubuhi mpira umelala, lawama inakwenda kwa blada, mfuko wa ndani unaoshika upepo. Futa tundu kwa kitambaa chenye maji, lowesha sindano, ingiza taratibu bila kuizungusha. Ukishuku unavuja, paka povu la sabuni: mapovu yakitoka tunduni, bado kuna matumaini, yakitoka kwenye mshono, blada imekwisha.

Tumia pampu ya baiskeli na geji ndogo. Kompresa ya gereji imezoea matairi. Kufumba na kufumbua umefika psi 15, mpira umekuwa jiwe na mshono wa nchani unaanza kuachia. Jua nalo lina lake: uliojazwa psi 10 asubuhi na kuachwa juani unaweza kukaribia psi 12 mchana. Pima kabla ya kucheza, si nyumbani.

Vipele huanza kuisha tumboni, mikono inaposhika, na kwenye kokoto huisha haraka zaidi kuliko mchangani. Chumvi isuuze kwa maji baridi, anika kivulini. Usipake mafuta ya aina yoyote, raba inalainika.

Dosari ambayo si ya mpira: drop kick (kuuangusha mpira na kuupiga unapodunda) haifundishiki ufukweni. Sheria inataka mpira uguse chini kwanza ndipo upigwe, na kwenye mchanga mlaini unazama, haudundi. Hilo lisubiri uwanja wenye nyasi.

Kwa kikosi cha watu 15, bora minne ya aina hii kuliko mmoja wa mechi wa bei kali. Na sindano agiza tano kabisa. Zinakatika shingoni, na mpira ukiwa tayari Mtwara, kusubiri basi lingine kwa ajili ya sindano moja kunaudhi.