Fuso linagoma kupiga stata baada ya injini kufunguliwa: hii klampu mita inafaa au haifai?

Wadau karibuni, na leo naomba usiruke mbele, maana hii video inaweza kukuokolea hela ya injini nzima. Nyuma yangu mnaliona Fuso. Injini imetoka kufunguliwa juzi, imewekwa ringi mpya, metali mpya za krenki, yaani beringi za shafti kuu ya injini, gasketi ya hedi mpya, imerudishwa, imepakwa rangi ya silva inang'aa. Ukizungusha funguo taa za dashibodi zinawaka zote vizuri, halafu stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake, inalia tik, basi, kimya. Wamebadilisha stata, tik. Wamechaji betri usiku kucha, tik. Na maneno yaliyoanza hapa gereji ni kwamba metali zimebana, injini ishuke tena. Hapo ndo nachukia jamani! Mwenye lori ana marejesho, ana mzigo wa watu unamsubiri, na mtu anataka kushusha injini kwa kusikia tik.

Sasa hiki nilichoshika ni klampu mita. Volti, omu, kulia piii waya ukiwa mzima, hayo kila mita inayo sitapoteza muda wenu. Kilichonifanya niwashe kamera ni mdomo huu hapa juu unaofunguka kama koleo. Huu unashika waya mzima bila kuukata wala kuufungua na unakwambia ampea ngapi zinapita, na zangu hizi zinafika 600, za DC. DC wadau, umeme wa betri! Nasisitiza kwa sababu ukienda madukani Gerezani, Dar es Salaam, ukasema nataka klampu mita utapewa ile DT266 yenye mdomo mkubwa, bei chee, na ile inapima ampea za AC tu. Ni ya umeme wa nyumbani. Ukiishika kwenye waya wa betri itakusomea sifuri mpaka kesho na wewe utasema stata haipati moto. Kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia kwenye duara la kuchagulia, herufi A iwe na alama ya mstari mnyoofu na vidoti chini yake, ukiona A yenye wimbi peke yake, rudisha. Jina la kampuni nisikudanganye, hizi boksi moja unakuta stika tatu tofauti, tafuta alama.

Haya, kabla ya mita, mguu wa kwanza ni spana. Gia ipo nyutro, tairi zimezuiwa, tumeweka soketi na mpini mrefu kwenye bolti ya puli ya krenki, tunazungusha kwa mkono. Naomba kamera isogee. Mnaona? Inazunguka, ni nzito, ndiyo, ringi mpya lazima iwe nzito, lakini inakwenda mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu. Injini haijabana. Na hii usiiruke, kwa sababu kama gasketi imevujisha maji yakajaa kwenye silinda, au nozeli inayonyunyizia dizeli imeimwaga ndani, ukilazimisha stata unapinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, maana maji hayashindiliki.

Sasa twende. Fuso ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa. Nimepima zikiwa zimetulia, 25.2, betri zimeshiba. Nachagua ampea za DC, nabonyeza kitufe cha ZERO, halafu nashika waya mnene wa pozitivu unaotoka kwenye betri. Kitufe hiki cha ZERO ndo kitu kinachoniudhi kwenye mita hii, ukiigeuza tu mkono inasoma ampea 2 au 3 za uongo, inabidi uzero kila unapohama. Klampu zote za DC zina tabia hiyo kwa sababu zinasoma usumaku, ila hii imezidi. Na taa ya kioo inazimika haraka mno, uko chini ya gari gizani unaipapasa. Wakubwa wa kiwanda sikilizeni.

Nabonyeza hiki cha kushika kilele, kinaitwa inrashi, maana stata ikianza namba inaruka juu mara moja jicho halikamati. Dogo, piga stata! Tik. Oneni namba. Ampea 45.

Hii namba ndo video nzima. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, moto haujafika hata kwenye solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, hapo tafuta ule waya mwembamba wa stata uliosahaulika kuchomekwa wakati wa kufunga, fyuzi, rilei, swichi ya klachi kwa gari zilizo nayo. Ikipanda ikaandika OL, yaani imepita 600, na taa za dashibodi zinafifia, hapo ndo uogope, stata inasukuma kitu kisichozunguka, ama injini imebana ama stata yenyewe imekwama kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini linalozungushwa na stata. Sasa hii yetu ni 45 na taa hazijafifia. Stata ya lori kama hili ikizungusha injini inakula mamia ya ampea. 45 maana yake moto umetoka, lakini njiani kuna mahali pembamba pamezuia. Injini ikibana na waya zikiwa nzima haikupi 45, haiwezi! Sasa aliyesema injini ishuke aje aangalie kioo.

Pembamba wapi? Mnakumbuka nilisema volti kila mita inayo, basi hapa hata mita ya njano ya bei ya soda inatosha. Waya mweusi kwenye negativu ya betri, kwenye nguzo yenyewe ya risasi siyo kwenye kibano. Waya mwekundu kwenye mwili wa injini, nakwaruza rangi kidogo nipate chuma. Piga! Volti 19. Kati ya betri na injini, upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, inatakiwa isizidi nusu volti stata ikipigwa. Sisi tumepoteza 19 njiani, stata imebakiwa na mabaki. Na shikeni hapa, polepole, kebo ya aksereta, ina moto! Umeme umekosa njia ya kurudi kwa betri ukaamua kupita kwenye kebo ya aksereta, wakiendelea kupiga stata hivyo kebo ingeungua.

Tuingie chini. Ule mkanda wa ethi kutoka kwenye gia boksi kwenda kwenye chesesi, fremu ya lori, huu hapa, umefungwa vizuri, bolti imekaza. Naufungua. Oneni chini ya kichwa chake, silva. Wamepaka rangi injini ikiwa nje, wakafungia mkanda juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Bolti imegusa uzi mdogo tu ndo hizo ampea 45. Msasa, piga mpaka chuma kiwe cheupe, pande zote mbili, hata kwenye chesesi kuna kutu ondoa, kaza. Nazero tena, ndiyo, tena. Piga stata!

Hiyoo! Kilele kimepita 500 kikashuka ikatulia kwenye 260, na upande wa ethi sasa ni 0.2. Acheni izunguke kwa vipindi vifupi, sekunde kumi, pumzika, maana dizeli bado haijafika kwenye nozeli, watoe hewa kwanza.

Kuhusu bei, hii nimeipata chini ya laki mbili. UNI-T UT210E ni nafuu na nzuri kabisa ila DC yake inaishia ampea 100, kutafuta kinachonyonya betri usiku iko poa, kwa stata ya lori haitoshi. Fluke 376 FC inafika 1000, lakini bei yake wewe mwenyewe unaijua. Mwanzoni nilitaka niseme fundi mwenye mita ya kawaida haihitaji hii, maana tatizo tumelikamata kwa volti, ila ile 45 ndo iliyozuia injini isishuke, kwa hiyo kama unashika malori nunua. Kama unashika gari ndogo tu subiri kwanza.

Laivu ya Jumamosi tumeihamishia Jumapili saa mbili usiku, tutapima oltaneta, ile inayochaji betri, kwa klampu hii hii. Wenye Scania zinazogoma baada ya ovaholi wekeni kwenye komenti namba mliyosoma, ampea na volti, msiniandikie tik peke yake.