Bilauri Mbili Nyekundu za Nový Bor: Uzoefu Wangu

Nilizinunua katika duka la karakana moja mjini Nový Bor, kaskazini mwa Ucheki, bilauri mbili nyekundu zenye nakshi ya kulungu katikati ya miti, na kwa mwaka mzima nimezinywea maji na sharubati badala ya kuzifungia kabatini.

Nakiri kwamba mwanzoni nilidhani nimeuziwa bandia. Nilipoielekeza moja kwenye mwanga niliona kuwa wekundu haukuingia ndani ya kioo, bali ulitanda juu yake kama utando mwembamba, na kioo chenyewe kilikuwa cheupe. Fundi aliyekuwa karibu alinieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa: ni mbinu ya Friedrich Egermann, aliyefanya kazi katika mji huo huo, na ambaye katika miaka ya 1830 alifaulu kukipaka kioo rangi yenye shaba na kukichoma tanurini hadi rangi ikashikamana nacho. Anayenakshi huukwangua utando huo, na kila anapokwangua weupe hutokeza. Yule kulungu, kwa hiyo, ni wekundu ulioondolewa.

Nilisimama kumtazama fundi huyo akifanya kazi. Hushikilia bilauri chini ya gurudumu dogo la shaba lililopakwa unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta, na kwa kuwa unga huo hufunika mahali panapochongwa, kwa sehemu kubwa huongozwa na mkono na sikio. Kazi hii huhitaji kioo kigumu, na Bohemia, eneo la Ucheki ulipo mji huu, ilikipata mwishoni mwa karne ya 17, mafundi walipochanganya chokaa na potasi itokanayo na majivu ya miti. Kioo cha Venice kilikuwa laini, kizuri kwa kupulizwa kuliko kuchongwa. (Neno bilauri lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni kioo angavu kama hiki.)

Kasoro zipo. Moja ina kiputo cha hewa karibu na kitako, nyingine huyumba kidogo mezani, na bei yake ingetosha kununua seti nzima ya bilauri za kiwandani. Huoshwa kwa mkono na kitambaa laini, kwani stilwaya ingeukwaruza utando ule. Hata hivyo nimeagiza ya tatu, isiyo na kulungu safari hii, maua tu. Watoto wangu bado wanapewa za plastiki.