Mtandio wangu wa ajrakh baada ya miaka miwili ya kufua

Nilikuwa Ahmedabad nimemsindikiza mama kwenye matibabu. Alipopata nafuu nikapanda treni ya usiku hadi Bhuj, kisha bajaji mpaka kijiji cha Ajrakhpur, huko Kachchh, jimbo la Gujarat, India. Nilikuwa na donge moyoni. Mtandio wa kwanza nilikuwa nimeuziwa duka moja la mjini, nikaapiwa ni ajrakh ya mkono, yaani kitambaa kilichopigwa nakshi kwa mihuri. Kufua mara ya tatu tu, nakshi zikabaki kivuli. Upande wa ndani ulikuwa mweupe tangu mwanzo, sikuwa nimeugeuza.

Ajrakhpur, fundi alinigeuzia kitambaa kabla sijauliza. Si kila ajrakh hupigwa chapa pande mbili siku hizi, lakini mtandio huu nilionunua kwake ulipigwa, na nyota za upande mmoja zimekaa sawasawa juu ya zile za upande wa pili.

Nilikaa kutwa nzima kwenye karakana. Rangi nyeusi inatoka kwenye pipa la vyuma chakavu vinavyochachuka na sukari guru. Panapotakiwa kubaki peupe hupigwa muhuri wa chokaa na gundi, nili, ile rangi ya buluu, isipenye. Halafu pipa la nili lenyewe: kitambaa kinazama, kinatoka kijani kama jani changa la mgomba, na hewa ikikigusa kinageuka buluu huku unatazama. Niliomba wakichovye tena nione vizuri.

Kijiji chenyewe kilianzishwa baada ya tetemeko la Januari 2001. Akina Khatri, ukoo wa mafundi wa ajrakh, walihama kijiji cha Dhamadka, ambako maji yalikuwa yamezidi chuma, na chuma kikizidi rangi nyekundu hufifia. Kazi hii ni ya kale mno: vipande vya pamba iliyochapwa Gujarat vimefukuliwa Fustat, Misri, vikiwa na umri wa karne nyingi.

Bei ilikuwa karibu mara nne ya ule wa dukani. Nililipa, na leo ningelipa tena.

Ukinunua, ufue peke yake mara mbili tatu za mwanzo, maana nili ya ziada hutoka. Wangu ulinipaka buluu shingoni wiki ya kwanza. Usitie dawa ya madoa, uanike kivulini. Wangu nyekundu haijapungua hata kidogo. Karibu na pindo pana mahali mihuri miwili imepishana kwa upana wa uzi, nami ndipo ninapoanzia kuukunja.